Mbio za Kinyozi: Kisogo Kilichonyolewa Juzi

Nondo iko pale pale tulipoiacha wiki iliyopita: juu.

Na Kinyozi yuko pale pale: chali kwenye vumbi jeupe la barabara ya machimbo ya kokoto, pumzi juu juu, miguu imekufa ganzi kwa siku nne za kukimbia. Jitu refu limemkanyaga kifuani, limeinua nondo kwa mikono miwili, macho limeyatuliza kwenye goti. Ninyi mliomwombea wiki nzima, haya, semeni amina, nondo inashuka.

"Ni mguu tu, kaka," lile jitu likasema kwa upole kabisa, kama mtu anayechoma sindano. "Tumelipwa mguu, hatukulipwa roho. Tulia tumalize, kila mtu aende kwake."

Ikashuka.

Kinyozi hakuwa na nguvu ya kujiviringisha. Hata ya kupiga yowe hakuwa nayo. Alipata nafasi ya kufumba na kufumbua tu, na katika nafasi hiyo akafanya jambo ambalo hakuna kinyozi mwenye akili zake angelifanya. Akatoa mkono wake wa kulia, akalikinga goti.

Kah! Mfupa ukalia kama kuni kavu.

Mkono wa kulia, jamani! Mkono wa wembe, mkono wa mkasi, mkono uliomlisha tangu alipoacha kubeba magunia sokoni. Lakini mtu hakimbii kwa mkono, na goti lilikuwa zima.

Kwa wewe uliyeazima gazeti la jirani leo kwa mara ya kwanza, nakupa kwa ufupi, halafu kanunue lako. Kinyozi anakimbia kutoka mji wa milimani hadi mjini kwao, akichangisha pesa za watu wanaolala kwenye baraza za maduka. Bosi wa Magodauni alitamba redioni, nchi nzima ikisikia: kinyozi huyu akifika kwa miguu yake, asipande kitu, asibebwe, asishikwe na mtu wa kumsaidia, kabla jua la siku ya nne halijazama, basi godauni kubwa la nyuma ya soko litakuwa makao ya watu wa barazani. Wasikilizaji nao wakaahidi michango ya vitanda na mabati. Asipofika, michango inarudi kwa wenyewe na godauni linabaki na kufuli lake. Mvua za juzijuzi walinzi waliwatimua watu wale kwa marungu, na mzee mmoja hakuamka tena. Bosi alisema vile kwa dhihaka. Hakujua kwamba Kinyozi ana mapafu ya punda.

Turudi kwenye vumbi.

"We!" lile jitu likang'aka. "Si nimesema mguu?"

"Umekosa," Kinyozi akajibu, meno yakigongana kwa maumivu. "Jaribu tena."

Jitu likainua tena. Lakini safari hii mkono wa kushoto wa Kinyozi ulikuwa umeshachota vumbi la kokoto, na vumbi la kokoto si unga wa ngano. Akalitupa lote machoni. Jitu likapiga ukelele, likaachia kifua, likajifikicha macho kwa ngumi. Kinyozi akarusha kisigino kikatua kwenye pia ya goti la jitu. Mtu aliyekimbia siku nne kisigino chake ni kwato.

Jitu likaenda chini kama kabati. Nondo ikalia juu ya mawe. Kinyozi akaitambaalia, akaishika kwa mkono wa kushoto, na kabla mwenzake hajafumbua macho akampiga nayo ya taya. Meno mawili yakamtoka pamoja na tusi alilokuwa ameanza kulitukana.

Bado mmoja.

Yule wa pili alikuwa amesimama kando ya pikapu tangu mwanzo, kapelo kichwani, kitambaa cheusi usoni mpaka chini ya macho. Hakuwa ametamka hata neno moja. Alikuwa akielekeza kwa vidole tu: mshike, mlaze, mpige hapo. Kinyozi alidhani labda ni bubu. Sasa bubu alipoona jitu limelala, aligeuka kukimbilia mlango wa pikapu.

Hapo ndipo alipokosea.

Uso unafunikwa, sauti inamezwa, lakini kila kinyozi ana mkono wake, na mkono wa Kinyozi huonekana kisogoni. Wenzake humaliza nywele za nyuma kwa mstari ulionyooka. Yeye huuzungusha taratibu, kama ncha ya ukucha, na mji mzima hakuna mwingine anayefanya hivyo. Kisogo kile kilikuwa kimezungushwa. Tena kilikuwa kibichi, hakijaota hata kivuli. Na chini ya mzunguko palikuwa na kigaga kidogo cha wembe, kwa sababu mteja yule alicheka katikati ya kunyolewa, juzi jioni walipopumzika njiani, akisema, "Ninyoe vizuri bwana, nami nitaonekana kwenye picha."

Kinyozi akaita.

"Shemeji!"

Yule mtu akasimama.

Mtu asiye shemeji yako ukimwita shemeji hasimami. Huyu alisimama, mkono kwenye kitasa cha mlango, mabega yakamshuka.

"Geuka."

"Shemeji, nisikilize..."

"Geuka nikuone!"

Akageuka, akashusha kitambaa. Mume wa dada yake, dereva wa gari la kumletea maji njiani! Asubuhi ya siku hiyo alipiga simu kwamba gari limeharibika, mtu wa watu, akimpa pole na kumwambia ajikaze.

"Kwanza nisikilize, halafu unipige ukitaka," Shemeji akasema upesi upesi. "Bosi alitaka ugongwe na lori. Ugongwe ufe! Mimi ndiye niliyembembeleza. Nikamwambia mguu unatosha. Nimekuokoa, shemeji!"

"Umeniokoa."

"Haki ya Mungu! Mguu unaunga. Kaburi linaunga?"

"Akakupa nini?"

"Usimamizi wa magodauni. Na nyumba. Dada yako amechoka kuhamahama, wewe hujui? Kila mwisho wa mwezi mwenye nyumba anatugongea mlango kama polisi. Wewe unawatafutia paa watu wa barazani. Sisi je?"

Kinyozi alimpiga ya mbavu. Kwa mkono wa kushoto, mkono usiojua kazi, lakini nondo haiulizi mkono. Shemeji akapiga magoti, akatema kitu chekundu. Kinyozi akainua tena, na safari hii alilenga kichwa, kile kile alichokinyoa kwa mikono yake. Alitaka kuua. Nasema wazi, nisije nikamfanya malaika: alitaka kuua, na hasira ilimwambia apige haraka kabla hajamkumbuka dada.

Macho ya Shemeji yakamtoka, lakini hakuwa akiitazama nondo.

"Nyuma yako!"

Kinyozi akainama bila kufikiri. Jiwe lenye ukubwa wa mpira likampita sikioni, likaenda kumpata aliyetoa onyo. Liligonga paji la uso. Shemeji akalala barabarani, kimya, damu ikaanza kutafuta njia kwenye vumbi.

"Sasa roho nakuchukua bure," lile jitu likasema, taya limelegea, maneno yanatoka na povu. "Hii silipwi. Hii ni yangu mwenyewe."

Likaja. Kinyozi akainua nondo, ikamponyoka, vidole vyote vilikuwa na jasho na damu. Jitu likamdaka koo. Mbingu ikaanza kuwa nyeusi pembeni, halafu nyeusi katikati.

Ndipo pikipiki ikaja.

Aliyeiendesha alikuwa dada yake Kinyozi, nesi wa zahanati ya sokoni, mwanamke mfupi asiyejua kuzungumza polepole. Nyuma yake alikuwa amempakia Mwamuzi, bwana mwembamba wa redio mwenye bendera na kipaza sauti, aliyepewa kazi ya kuona kwamba Kinyozi hadanganyi. Pikipiki ya Mwamuzi iliachwa kwenye kona ya nyuma, matairi yote mawili yamelishwa misumari. Misumari ile nani aliitega, sasa unajua.

Nesi aliona mdogo wake akinyongwa. Hakupiga honi. Hakufunga breki.

Gurudumu la mbele likamwingia jitu nyonga, likampeperusha mpaka mtaroni. Pikipiki ikalala upande, Mwamuzi akabingirika na bendera yake, na Nesi akainuka wa kwanza, ameshavua helmeti, akaenda nayo mtaroni. Wakasikika wakizungumza: yeye kwa helmeti, jitu kwa vilio. Mwisho jitu likatoka upande wa pili kwa mikono na miguu, likajikokota kuelekea kwenye mashine za kusagia mawe, halikutazama nyuma.

"Mdogo wangu!" Nesi akaja mbio, mikono mbele.

"Usiniguse, dada!"

Akasimama hatua moja kutoka kwake, mikono hewani.

"Kweli, nesi," Mwamuzi akasema akijipangusa vumbi, aibu imemjaa. "Ukimshika, mbio zimekwisha."

"Na huyu aliyemvunja mkono, hakumshika?"

"Kupigwa hakuhesabiki. Sheria inakataza kusaidiwa."

"Sheria gani hiyo! Mtu kuvunjwa ruksa, kufungwa bandeji marufuku?"

"Aliyeiweka ni Bosi, mama. Mimi nabeba bendera tu."

Nesi akamtukana Bosi, akamtukana na babu yake Bosi, huku anafungua mkoba. Akamrushia mdogo wake bandeji na kipande cha ubao wa kasha. Halafu akapiga magoti mbele yake bila kumgusa, na mikono yake mwenyewe ikaanza kufunga hewa ili amwonyeshe.

"Uweke ubao chini. Hapo. Bandeji ishike kwa meno, zungusha. Usikaze hivyo, vidole vitakufa! Legeza. Tena. Mdogo wangu, nitazame mimi, usiutazame mfupa."

"Nakutazama wewe unavyolia."

"Silii, ni vumbi. Zungusha!"

Alizungusha. Mara mbili dunia ilimzunguka na yeye, mara mbili sauti ya dada ikamrudisha. Alipomaliza, mkono ulikuwa umefungwa vibaya, lakini umefungwa. Akasimama.

Hapo ndipo Nesi alipogeuka kumtazama yule mwingine aliyelala barabarani, na kapelo ilikuwa imeshamtoka kichwani.

"Mume wangu?" Kwanza aliuliza, kama mtu anayeuliza njia. Kisha akapiga ukelele. "Mume wangu! Nani kamfanya hivi?"

Kinyozi akafungua mdomo. Jua lilikuwa limebakisha upana wa kiganja juu ya kilima. Dada yake ameshapiga magoti katikati ya barabara, viganja vyote viwili juu ya kidonda, damu inapita kati ya vidole.

"Jiwe, dada. La yule jitu."

Hakusema uongo. Ukweli wote hakuusema vilevile, na ule alioubakiza ulimchoma kuliko mkono.

"Alikuja kukusaidia," Nesi akasema, machozi yakimdondoka. "Masikini! Aliposikia umekwama akaja. Kimbia, mdogo wangu. Mimi siwezi kumwachia, nikiachia atakwisha damu. Kimbia, jua hilo!"

Akaanza kukimbia. Kila hatua mfupa ulimpigia kelele, naye akaujibu kwa kusaga meno. Barabara ilikuwa inateremka, na kule chini mji ulionekana wote, mabati kwa mabati, na bati refu kuliko yote lilikuwa la godauni.

Hakuwa amefika mbali simu ilipolia. Ililia kwenye mfuko wa shati la Shemeji. Nesi akaitoa kwa mkono mmoja, vidole vinateleza kwa damu, akagusa kinachogusika, na sauti ikatoka kwa nguvu mpaka Kinyozi akasimama. Sauti nene ya Bosi, inayojulikana na kila mwenye redio.

"Dereva! Mbona kimya? Mguu umeshavunjwa au bado? Basi mimi nimechoka kubembelezwa. Lori liko njiani. Jitoe barabarani. Na kama mkeo yuko hapo na pikipiki yake, shauri yake."

Nesi akaitazama simu. Akakitazama kitambaa cheusi shingoni kwa mumewe. Akainua macho akamtazama mdogo wake, na Kinyozi akaona ameshaelewa yote, tangu gari la maji mpaka misumari. Uso wake ulizeeka pale pale. Lakini mkono uliokuwa kwenye kidonda haukutoka.

Ndipo likasikika lori.

Lilitoka juu machimboni, tupu, bila honi, katikati ya barabara, kokoto zinaruka mbele yake. Mwamuzi akarukia mtaroni. Nesi hakuruka.

"Dada, toka!"

"Nikiachia atakufa!"

"Ndiye aliyeniuza! Toka!"

"Najua! Najua, mdogo wangu, wewe kimbia!" Akamwinamia yule mtu zaidi, kana kwamba mgongo wake unaweza kuzuia lori.

Kinyozi akatazama chini, kwenye bati refu. Akafikiria watu waliolundikana getini tangu asubuhi na maboksi yao na watoto wao, wanamsubiri yeye. Akatazama nyuma. Utotoni, walipokuwa wakilala wawili kwenye baraza ya duka la vitambaa, dada ndiye aliyelala upande wa barabara kila usiku, na hakuwahi kukubali wabadilishane.

Akageuka, akakimbia kupanda.

Alikimbia mbio ambazo hakuwa nazo. Akamdaka dada yake ukosi kwa mkono wa kushoto, akajitupa naye mtaroni, na Nesi hakuwa ameliachia shati la mumewe, kwa hiyo wakaenda watatu. Karibu watatu. Gurudumu la nyuma likapita juu ya mguu wa Shemeji, chini ya goti, na mlio wake sitauandika. Lori likaivaa pikapu, likaipondaponda, likaendelea kuteremka. Mguu mmoja ulikuwa umelipiwa, mguu mmoja ukavunjika. Ni mkono wa Mungu au ni dereva mbovu, amua mwenyewe.

Vumbi likatulia taratibu. Shemeji alizinduka kwa mayowe. Kinyozi alikuwa kifudifudi, na mikono ya dada yake ilikuwa imemzunguka shingo, imemkamata kama mtoto aliyeokotwa kisimani.

"Niachie, dada," akanong'ona.

Akamwachia. Lakini Mwamuzi alikuwa amesimama juu yao, na ameona.

Bwana yule alikuwa na watoto, alikuwa na kazi, na sheria aliisoma redioni kwa kinywa chake mwenyewe. Akawasha kipaza sauti.

"Ndugu wasikilizaji," akasema, "niko hewani kutoka barabara ya machimbo. Inanilazimu... inanilazimu kuwaambia kwamba Kinyozi ame..."

Nesi akainuka. Simu ya mumewe ilikuwa bado mkononi, kioo kimepasuka, lakini ndani yake mtu alikuwa bado anaita haloo, haloo. Akampokonya Mwamuzi kipaza sauti, akavibananisha viwili hivyo pamoja.

"Haloo! Dereva!" Bosi akaita kwenye simu. "Lori limepita? Kinyozi amekufa au hajafa? Nijibu, kuna watu huku wanasubiri, nataka nikafunge geti langu!"

Halafu kutoka kwenye simu ile ile ikasikika sauti nyingine nyuma ya hiyo, imechelewa kidogo, kubwa, inatikisa madirisha: "...amekufa au hajafa? Nijibu..." Ilikuwa spika ya redio, ya getini kwenye godauni. Bosi mwenyewe ndiye aliyeamuru ifungwe pale, ili watu wa barazani wasikie vizuri mtu wao akishindwa.

"Nani... nani huyo anaongea huko nje?" Bosi akauliza, na spika ikamuuliza vilevile.

Kisha ukaja mngurumo. Haukuwa wa gari. Ulikuwa wa watu, wengi, wote kwa pamoja, na geti likaanza kupigwa, na kioo cha kwanza kikavunjika.

Nesi hakutabasamu. Aliirudisha mikono yake kwenye kidonda cha mumewe, akafunga na mguu, akakaza mpaka yule bwana akapiga yowe.

Kinyozi alikuwa ameshasimama. "Mwamuzi," akasema, "ile sentensi yako hukuimaliza."

Mwamuzi akaitazama bendera. Akamtazama Nesi. "Vumbi lilikuwa jingi," akasema polepole. "Mimi sikuona vizuri."

"Basi nakimbia."

Na akakimbia, mkono kifuani, kuteremka kuelekea bati refu, jua limegusa kilima. Alipokata kona ya kwanza akasikia injini, akainua macho.

Mbele yake, kati yake na mji, lori lilikuwa limemaliza kugeuza, linamtazama yeye, na barabara nyingine ya kwenda godauni hakuna.